Kibao kinasema watu 126: mji wa reli unakufa, au ulizaliwa mdogo?

*"Shikamoo mwalimu. Naendesha lori la trela hapa Nebraska, Marekani, na mara mbili kwa wiki napita barabara kuu ya 6 kutoka Lincoln kwenda Hastings. Kando ya reli kuna miji midogo imepangana kama shanga: Dorchester, Friend, Exeter, Fairmont, Grafton, Sutton, Harvard. Ukimaliza mmoja, maili saba au nane mbele unakuta mwingine. Vibao vinasema watu mia tano na kitu, elfu moja, Grafton 126. Majengo ya matofali ya mtaa mkuu mengi yamefungwa, lakini treni zinapita usiku na mchana. Mwenzangu kazini anasema hii ilikuwa miji mikubwa, reli ikaiua. Nauliza kwa sababu nimeonyeshwa nyumba katika mji mmojawapo, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na Lincoln. Mke wangu anasema tusizike pesa kaburini. Je, historia ya mji na idadi ya watu vinaweza kuniambia kama unakufa? Na ni kweli majina yamepangwa kwa alfabeti?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo, na mke wako amelisema lile zito kwa maneno machache kuliko sisi sote. Nitaanza na alfabeti kwa kuwa ndiyo nyepesi, lakini usiiruke, maana ndiyo itakayotufikisha kwenye nyumba yako.

Ndiyo, ni kweli. Kampuni ya reli ya Burlington & Missouri River ilianza kutandika reli kutoka Plattsmouth, kando ya Mto Missouri, mwaka 1869. Mwaka 1870 ikafika Lincoln, na mwaka 1872 ikaungana na reli ya Union Pacific karibu na Kearney. Huko magharibi ya Lincoln, stesheni zilipewa majina kwa kufuata herufi: Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard, Inland, Juniata, Kenesaw, Lowell. Hayo si majina ya watu wa pale wala ya mito ya pale. Ni majina yaliyotolewa ofisini na watu waliokuwa na ramani mezani na ardhi tupu mbele yao, au ardhi waliyoiita tupu. Hilo nitalirudia.

Sasa wataje tena kwa mpangilio wa barabarani, uone nani kavunja foleni. Kati ya Dorchester na Exeter kajipenyeza Friend. Kati ya Grafton na Harvard yupo Sutton. Kati ya Inland na Juniata amekaa Hastings. Friend ulipewa jina la Charles Friend, aliyekuwa na ardhi pale. Sutton ulianzishwa na walowezi waliofika kabla ya reli, wakawa na jina lao wenyewe. Hastings ulizaliwa mahali ambapo reli nyingine, ya St. Joseph & Denver City, iliikata ile ya Burlington mwaka 1872.

Tazama ukubwa wao. Friend una watu elfu moja hivi, ilhali Dorchester na Exeter zilizo pande zake hazifiki mia saba kila mmoja. Sutton una elfu moja na mia nne na kitu, na jirani yake Grafton ndio huo wa 126. Hastings una watu 25,000 hivi, Juniata mia saba na kitu, Inland ni nyumba chache tu. Wavunja foleni wote watatu wamewapita majirani zao wa alfabeti. Mitatu si mingi kiasi cha kujenga kanuni, na mwanatakwimu angenikemea hapa. Lakini nimeitazama ramani hii kwa miaka mingi na sioni kuwa ni bahati tu. Mji uliokuwa na sababu yake ya kuwapo, mbali na kituo cha reli, ulikuwa na kitu cha kushikilia baadaye. Ule uliokuwepo kwa sababu kampuni ilihitaji kituo kila baada ya maili kadhaa ulibaki na hiyo hiyo moja. Mimi huita hiyo "sababu ya pili", na ndiyo nitakayokutuma uitafute katika mji wako kabla hujatia saini.

Ushahidi zaidi ni huu: katika miji kumi niliyoitaja ya alfabeti, leo hakuna hata mmoja ulio makao makuu ya kaunti. Juniata ulikuwa nayo, na kampuni ndiyo iliyoupigia debe, lakini Hastings ukaichukua heshima hiyo mwaka 1878. Lowell, wa mwisho kwenye foleni, ulivuma sana kwa muda mfupi, kwa sababu serikali iliweka pale ofisi ya ardhi ambako kila mlowezi alikwenda kuandikisha shamba lake. Ofisi ikahamishwa mwaka 1874. Baadaye makao makuu ya kaunti nayo yakaenda Minden. Leo Lowell kisheria si mji tena, na hata kibao cha idadi ya watu hauna.

Nije kwa mwenzako wa kazini. Amesema mambo mawili, na yote mawili yamekaa upande.

La kwanza, kwamba ilikuwa miji mikubwa. Mingi haikuwahi kuwa. Katika kilele chao, mji wa aina hii ulikuwa na watu mia tatu, mia sita, pengine elfu moja. Kinachotudanganya macho ni yale majengo ya matofali ya ghorofa mbili yenye mwaka umechongwa juu ya paa, 1887 au 1891. Tunayatazama tukidhani yalijengwa kuhudumia watu wa mjini. Sivyo. Yalijengwa kuhudumia watu wa mashambani, na hao hawakuwahi kuhesabiwa kwenye kibao cha mji.

Ili uelewe, shuka kwenye lori lako upande mkokoteni. Mkulima wa mwaka 1880 ana farasi wawili, amepakia ngano au mahindi. Barabara ni vumbi, na mvua ikinyesha ni tope. Anataka kwenda stesheni, auze, anunue chumvi, mafuta ya taa na misumari, arudi kabla giza halijaingia ng'ombe wakamuliwe. Safari ya namna hiyo haizidi maili nane au kumi kwenda. Kampuni ilijua hivyo. Ilijua pia kwamba injini ya mvuke hunywa maji mengi na lazima ipate tangi njiani, na kwamba genge la wafanyakazi wa njia, wenye vifaa vya mkono tu, linaweza kutunza maili chache za reli na mataruma yake, si zaidi. Ukiyaweka yote pamoja unapata zile maili saba au nane zako. Umbali unaoupita kwa dakika saba ukiwa na kahawa mkononi ndio uliokuwa siku nzima ya farasi.

Sasa tupige hesabu ya vidole, ni mfano tu lakini inaeleza mengi. Chukua eneo ambalo mji mmoja ulilihudumia: maili nane kwa urefu wa reli, na maili sita kaskazini na sita kusini. Hizo ni maili za mraba 96. Maili moja ya mraba ni ekari 640, na shamba la mlowezi chini ya sheria ya mwaka 1862 lilikuwa ekari 160, yaani mashamba manne kwa kila maili ya mraba. Eneo likijaa, ni familia karibu 380. Familia moja baba, mama na watoto wanne, unapata watu zaidi ya 2,200 nje ya mji. Hao ndio waliomweka mjini mhunzi, daktari, muuza mbao, maduka mawili ya nguo, benki na gazeti la kila wiki. Mji wenyewe una watu mia tano, lakini Jumamosi mtaa mkuu hauna pa kufunga farasi.

Rudia hesabu kwa leo. Trekta na mashine za kuvunia zimemwezesha mtu mmoja kulima kilichokuwa kikilimwa na kijiji. Weka shamba la ekari 1,000, ambalo siku hizi pale si kubwa. Eneo lile lile linabeba familia 61. Kila nyumba watu watatu, ni watu 180 na kitu. Wametoka zaidi ya 2,200 wakabaki chini ya 200, na hakuna shamba hata moja lililoachwa pori. Mahindi yanavunwa mengi kuliko wakati wowote. Marekani nzima ilikuwa na mashamba milioni 6.8 mwaka 1935, na mwaka 2022 hayakufika milioni mbili. Aliyeyafunga majengo ya matofali unayoyaona ni trekta.

Hapo tumeshaingia jambo la pili la mwenzako, kwamba reli iliua. Reli haijaondoka, wewe mwenyewe umeiona. Kilichoondoka ni kusimama. Injini za dizeli zilipochukua nafasi ya mvuke miaka ya 1940 na 1950, tangi la maji likawa pambo. Mashine zikachukua kazi ya magenge ya njia. Barua zikahamia kwenye malori na ndege. Treni ya abiria iitwayo California Zephyr ingali inapita kwenye reli hiyo hiyo, inaipita Dorchester, Exeter, Fairmont na Grafton usiku watu wamelala, na husimama Lincoln na Hastings. Treni za nafaka siku hizi huwa na mabehewa mia na zaidi, na hupenda ghala lenye njia ndefu ya kupakilia, si kila ghala la kila mji. Na samahani, mwanangu, lakini lori lako nalo limo katika hadithi hii. Mzigo uliokuwa ukishushwa kwenye kila stesheni sasa unapita na wewe kwenye barabara ya 6.

Niliahidi kurudi kwenye "ardhi tupu". Historia za miji hii, hasa zile za vitabu vya sherehe ya miaka mia, huanza na reli kana kwamba siku moja kabla yake hapakuwa na mtu. Nchi ya kusini ya Mto Platte ilikuwa ya Wapawnee, kabila la wenyeji wa asili. Waliiachia serikali kwa mkataba wa mwaka 1833, wakabanwa kidogo kidogo kaskazini ya mto, na miaka ya 1874 na 1875 wengi wao wakahamia eneo ambalo leo ni Oklahoma. Miaka hiyo hiyo kampuni ilikuwa imebandika mabango ya kuuza mamilioni ya ekari kwa mkopo wa miaka 10 na riba ya asilimia 6. Ardhi hiyo kampuni haikuinunua. Ilipewa na serikali kama ruzuku ya kujenga reli, vipande vya maili moja ya mraba kimoja ndani kimoja nje, kama ubao wa drafti, zaidi ya ekari milioni mbili katika Nebraska. Kwa hiyo kampuni ilikula mara tatu: iliuza mashamba, washirika wake wakauza viwanja vya mji, kisha mkulima akishavuna ikasafirisha nafaka yake. Mji wako ulikuwa chombo katika biashara hiyo. Ndiyo maana yote inafanana: maghala marefu ya nafaka kando ya reli, mtaa mkuu ukitoka pale kwa pembe mraba, viwanja vya maduka vyembamba, vya futi 25 hivi, ili vitoshe vingi vya kuuza.

Sasa kibao. Watu wengi hukisoma kama kipimo cha homa, lakini kina mitego yake.

Kwanza, kinahesabu waliomo ndani ya mpaka wa mji tu. Mkulima anayeishi nusu maili kutoka kanisani, watoto wake wanasoma hapo na mazishi ya kwao hufanyika hapo, hayumo. Pili, usishangae kwamba watu 126 wanaitwa mji wenye serikali yake. Kwa sheria ya Nebraska, jamii ya watu kuanzia 100 hadi 800 inaweza kusajiliwa kama kijiji chenye bodi ya wajumbe watano, na idadi ikishuka baadaye mji haufutiki wenyewe.

Tatu, idadi ikiwa ndogo sana, hata sensa yenyewe haiwezi kukupa hesabu kamili. Kaskazini mwa jimbo kuna mji uitwao Monowi, nao ulikuwa wa reli, uliokuwa na watu karibu 150 miaka ya 1930. Reli yake iliondolewa baadaye. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu mkazi mmoja. Ya mwaka 2020 ikasema wawili, na yule mmoja akashangaa kama wewe: huyu mwenzangu yuko wapi? Hakuwapo. Idara ya Sensa siku hizi huchanganya makosa madogo ya makusudi katika takwimu za maeneo madogo ili mtu asitambulike. Kwa jiji la Omaha makosa hayo hayana maana. Kwa Monowi yaliongeza watu mara mbili. Kwa mji wa 126 yanaweza kuwa mtu mmoja, wawili, watatu. Kwa hiyo ukiona mji umetoka 131 hadi 126 katika miaka kumi, usiite msiba. Huenda ni familia moja iliyohamia Hastings, na huenda si hata hiyo.

Na ukiingia kwenye historia, jihadhari na mwaka 1890. Nebraska ilihesabiwa watu 1,058,910 mwaka huo na 1,066,300 mwaka 1900, kana kwamba jimbo lilisimama. Ukame wa miaka ya 1890 na mdororo wa uchumi wa mwaka 1893 uliwafukuza wengi, ni kweli, lakini wanahistoria wanaamini pia kwamba hesabu ya mwaka 1890 ilitiwa chumvi na miji iliyokuwa ikishindana kwa sifa. Omaha ilijihesabu watu 140,452, na miaka kumi baadaye ikaonekana ina 102,555. Tena karatasi nyingi za mwaka 1890 zenye majina ziliharibika katika moto wa mwaka 1921 huko Washington, hivyo huwezi hata kuzihakiki. Ukitaka kuujua mji wako wa miaka ile, tumia sensa ya jimbo ya mwaka 1885, ambayo kwa bahati Nebraska ilifanya.

Wakati mwingine sensa haidanganyi, bali inafika kuchelewa. Kusini ya Fairmont kulikuwa na uwanja wa ndege za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maelfu ya askari wakifunzwa kurusha ndege za mabomu. Ulifunguliwa baada ya sensa ya 1940 ukafungwa kabla ya ile ya 1950. Ukitazama safu ya takwimu huoni chochote, mstari umelala tu. Wazee wa pale watakwambia ilikuwa miaka yenye kelele kuliko yote maishani mwao.

Ukipata nafasi, fungua karatasi ya sensa ya mwaka 1900 ya mji unaoutaka, zinasomeka kwenye intaneti bure. Usitazame jumla. Shuka safu kwa safu. Utaona kazi ya kila mtu: stesheni masta, mfua chuma, mfanyakazi wa njia ya reli, mjane mwenye wapangaji. Kuna safu mbili zinazonishika mimi kila mara: mwanamke amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Unakuta nane, watano. Sita, wawili. Hapo unaelewa kwamba mji uliokua kwa kasi si lazima uwe mji uliokuwa mzuri kuishi. Majina ya watu hufunguliwa baada ya miaka 72, ndiyo maana ya mwisho unayoweza kusoma sasa ni ya mwaka 1950.

Tufike kwenye nyumba. Umeniuliza kama takwimu zinaweza kukuambia mji unakufa. Jumla peke yake, hapana. Vinavyosema zaidi ni umri wa wakazi, shule, na ile sababu ya pili. Mji wa watu 500 ambao robo yao ni watoto una miaka mingi mbele. Mji wa watu 700 ambao nusu yao wamepita miaka 65 utakuwa mwingine kabisa mtoto wako akimaliza shule. Takwimu za umri zipo kwenye tovuti ya Idara ya Sensa, kwa kila mji, hata mdogo. Zitazame kwa sensa mbili au tatu zilizofuatana.

Crete ni mfano mzuri wa sababu ya pili, na ndio pekee wa alfabeti uliofika watu 7,000 hivi. Una chuo kilichoanzishwa mwaka 1872 na kupewa jina la Thomas Doane, mhandisi mkuu wa reli hiyo hiyo. Una kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe kilicholeta wahamiaji wengi, hasa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na shule zimejaa. Una Lincoln karibu. Ukiondoa kimoja, viwili vinabaki. Fairmont nao ulikuwa na wake: kampuni ya maziwa na siagi iliyozaliwa pale mwaka 1884 ikakua hadi kujulikana nchi nzima, kisha makao yake yakahamia Omaha.

Lakini sababu ya pili ikiwa moja tu, na kubwa mno, nayo ni hatari. Unaujua Lexington, kwenye reli ya Union Pacific, na pengine una marafiki pale, maana Wasomali ni wengi. Kiwanda cha nyama ya ng'ombe kilifunguliwa mwaka 1990 mji ukiwa na watu 6,600, na baada ya miaka kumi ukafika 10,000. Novemba 2025 wenye kiwanda walitangaza kukifunga, chenye wafanyakazi zaidi ya 3,000. Walionunua nyumba Lexington hawakununua kaburini. Walinunua penye neema, na bado wamejikuta pabaya.

Kwa hiyo chaguo zako, ninavyoziona. Ukinunua nyumba ya bei ndogo katika mji mdogo ukaifanya ya kuishi, na bei yake unaweza kuimaliza kwa miaka michache, unaweza kuwa umefanya jambo la busara: huna kodi ya pango, kuna utulivu, na kazi yako iko barabarani popote ulipo. Ukiinunua kwa matumaini kwamba bei itapanda uuze, hapo mke wako ana haki. Katika miji hii mnunuzi anaweza kuchukua miaka kupatikana, na ukarabati wa paa hugharimu sawa na Lincoln ingawa nyumba haina thamani ya Lincoln. Chaguo la kati ni kupanga kwanza mwaka mmoja, kama mtapata cha kupanga, maana nyumba za kupangisha pale ni chache. Na lipo la kuishi Hastings, ambako mkeo atapata kazi bila kuendesha gari nusu saa kwenye barafu Januari. Wewe ukiwa safarini siku nne, maisha ya mji huo ni yake kuliko yako. Maswali ya shule, ya basi la watoto linachukua dakika ngapi, ya duka la karibu na zahanati, muulize yeye anayaonaje.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi, na intaneti pia haiwezi. Nenda mwenyewe kwenye makao makuu ya kaunti: Dorchester na Friend ziko kaunti ya Saline, ofisi ziko Wilber, Exeter, Fairmont na Grafton ziko Fillmore, nenda Geneva, Sutton na Harvard ziko Clay, nenda Clay Center. Omba uonyeshwe ramani ya awali ya viwanja na hati za kiwanja hicho. Kama nyumba iko jirani na reli, hakikisha kiwanja chote ni cha muuzaji. Katika miji iliyopimwa na reli, mara nyingine ghala, uzio au hata kibanda cha gari kimesimama juu ya ardhi ya reli kwa ukodishaji wa zamani ambao hakuna anayeukumbuka. Hapo usitegemee neno la dalali. Tafuta wakili au kampuni ya upekuzi wa hati, na fundi wa kukagua nyumba asiyejuana na muuzaji. Kisha ingia ofisi ya karani wa kijiji, uliza habari za maji: kisima kina umri gani, kina naitreti (kemikali ya mbolea inayopenya hadi kwenye maji) kiasi gani, na kama kuna mtambo mpya unaotakiwa kujengwa, maana gharama yake itagawanywa kwa kaya zilizopo, na kaya zikiwa sitini kila moja inahisi. Mkutano wa bodi ni wa wazi. Kaa nyuma usikilize. Ukikuta watu wanabishana kuhusu uwanja wa michezo, hiyo ni dalili njema kuliko takwimu zangu zote.

Na kabla ya yote hayo, laleni pale usiku mmoja, hata kama ni ndani ya lori, karibu na nyumba hiyo. Sheria inamtaka dereva wa treni apige honi sekunde 15 hadi 20 kabla ya kila makutano ya reli na barabara: mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu. Mji wenye makutano matatu hupigiwa mara tatu, kwa kila treni, saa nane za usiku kama saa nane za mchana. Wewe umezoea kelele za injini. Mwache mama watoto ndiye aseme asubuhi.